Mbio za Utu Uzima katika Mitaa ya Eastlands

Mbio za masafa marefu za watu wa umri mkubwa ni desturi changa katika mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, na historia yake imefungamana na historia ya mitaa yenyewe. Ili mzee wa miaka 60 aweze kuzunguka uwanja wa Camp Toyoyo kule Jericho alfajiri, kwa mwendo wake na bila haraka, ilibidi mambo matatu yatimie kwanza: aruhusiwe kuzeeka mjini, apate saa ya siku isiyodaiwa na mwajiri, na uwepo uwanja ambao haujajengwa. Kila moja lilichukua miongo kadhaa kupatikana, na la tatu lingali mashakani.

Mji uliojengewa vijana

Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899. Kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo, serikali ya kikoloni iliuhesabu mji huu kuwa wa Wazungu, na Mwafrika akawa mgeni aliyekuja kufanya kazi. Kuanzia 1920 wanaume Waafrika waliofikisha miaka 16 walilazimika kubeba kipande, cheti kilichotiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni, chenye kumbukumbu za mwajiri na kazi ya mwenyewe. Kazi ilipokwisha, mtu alitarajiwa kurudi kwao. Mshahara nao ulipangwa kwa hesabu hiyohiyo: mke, watoto na uzee wa mfanyakazi vingelishwa na shamba la nyumbani.

Nyumba zilifuata hesabu hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 baraza la mji lilijenga mabweni Kariokor, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Shirika la reli liliwajengea wafanyakazi wake Muthurwa na Makongeni. Shauri Moyo ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha Ziwani na Starehe. Sehemu kubwa ya makao haya ilikuwa ya kitanda tu: wanaume kadhaa katika chumba kimoja, jiko la pamoja, choo cha pamoja. Mpangaji alikuwa kijana mwenye nguvu, na nguvu zilipopungua alimpisha mwingine.

Pumwani ilikuwa tofauti. Mtaa huo uliotengwa kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920 uliwaruhusu wakazi kujenga nyumba zao wenyewe kwenye viwanja vya baraza la mji. Wengi wa wenye nyumba walikuwa Waislamu, na wengi walikuwa wanawake waliojitafutia mali mjini na ambao hawakuwa na shamba la kurudia. Waliishi humo, wakapangisha vyumba, wakazeeka humo, na wakazikwa Nairobi. Watu hao ndio waliotangulia kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza kumalizia umri wake katika mji huu.

Mabadiliko ya mipango yalianza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 kwa nguvu za wafungwa wa vita wa Kiitaliano, iliwekewa nyumba za familia, ukumbi wa jamii, shule na eneo la wazi katikati. Mpango mkuu wa jiji wa 1948, ulioandikwa na L. W. Thornton White na wenzake, ulilifanya wazo hilo kuwa kanuni: jiji ligawanywe katika vitongoji, kila kimoja kikiwa na shule, maduka na uwanja ambao mkazi anaufikia kwa miguu. Mpango huo uliandikwa kwa ajili ya mji mkuu wa koloni, wala haukugusa ubaguzi uliowagawa wakazi kwa rangi. Lakini viwanja vilivyochorwa katika mitaa ya Waafrika wakati huo na katika miaka iliyofuata, huko Bahati, Mbotela, Ofafa, Jerusalem na Jericho, ndivyo ambavyo vizazi vya baadaye vilikuja kukimbilia.

Hata hivyo, haki ya kukaa mjini ilikuwa dhaifu. Katika Operesheni Anvil, iliyoanza tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi, yakawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na kuwapeleka kizuizini au kuwarudisha mashambani. Mkazi wa Bahati au Pumwani aliyeamka asubuhi hiyo hakuwa na hakika kama jioni angelala kwake. Katika hali kama hiyo hakuna mtu aliyefikiria jinsi atakavyotumia miaka yake ya uzeeni mjini.

Miguu ya kazi na miguu ya michezo

Wakazi wa Eastlands walitumia miguu muda mrefu kabla ya yeyote kati yao kukimbia kwa raha. Mabasi ya Kenya Bus Service yalianza kazi mwaka 1934, lakini nauli ilikuwa nzito kwa kibarua, na wengi walitembea kila siku kwenda karakana za reli, viwanda vya Industrial Area na nyumba za Wazungu upande wa magharibi. Matatu, zilizoanza kama magari ya abiria yasiyo na leseni, ziliruhusiwa rasmi mwaka 1973, na bado kutembea hakukuisha. Hadi karne hii, takriban safari nne kati ya kumi jijini Nairobi hufanywa kwa miguu, na sehemu kubwa ya watembeaji hao hutoka mitaa ya mashariki. Kwa watu waliotembea kwa kukosa nauli, kukimbia bila kwenda popote lilikuwa jambo gumu kueleweka. Mtu mzima aliyeonekana akikimbia barabarani alidhaniwa amechelewa kazini au anafukuzwa.

Michezo ilikuja kupitia idara ya baraza la mji iliyoshughulikia Waafrika. Ofisa wake kuanzia 1945, Tom Askwith, alikuwa mpiga makasia aliyeiwakilisha Uingereza katika Olimpiki za 1932 na 1936. Aliamini kwamba kumbi za jamii, klabu na viwanja vingepunguza chuki na uvivu mjini. Serikali ilitafuta utulivu, lakini wakazi waliichukua michezo wakaifanya yao. Mpira wa miguu ulitawala, na uwanja ulioitwa African Stadium, kando ya barabara iliyokuja kuitwa Jogoo Road, ukawa nyumba ya mashabiki. Baada ya uhuru uliitwa Jogoo Road Stadium, kisha City Stadium, na siku hizi unabeba jina la Joe Kadenge, mchezaji aliyefariki mwaka 2019.

Waliokimbia umbali mrefu Eastlands walikuwa wa aina tatu. Kwanza ni wanasoka, waliokimbia kujenga pumzi. Pili ni mabondia. Kumbi za Pumwani, Muthurwa na Kariobangi zililea ndondi kwa miongo mingi, na bondia ilimbidi aamke gizani akimbie barabarani kabla ya kwenda kazini, akiwa amevaa nguo nzito ili atoe jasho na kushusha uzito. Tatu ni watu wa vikosi na mashirika: askari polisi, magereza, jeshi, na wafanyakazi wa reli, ambao waajiri wao walikuwa na timu za riadha. Kambi ya jeshi la anga iliyoko Eastleigh, iliyoachwa na Waingereza, ilikuwa jirani ya mitaa hii, na wakazi walizoea kuona vikundi vya askari vikikimbia kwa mstari.

Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa mwaka 1951, na mwaka 1954 Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony walikwenda kushindana ng'ambo, Uingereza na Vancouver. Medali ya kwanza ya Olimpiki ililetwa na Wilson Kiprugut mwaka 1964 mjini Tokyo, na dhahabu ya kwanza na Naftali Temu katika mita 10,000 mjini Mexico mwaka 1968, siku chache kabla ya Kipchoge Keino kushinda mita 1,500. Ushindi huo uliipa nchi sifa, lakini pia ulijenga fikra iliyodumu: kwamba mbio ni kazi ya kijana mwenye kipaji kutoka Bonde la Ufa au Kisii, na kwamba anayekimbia anatafuta medali au ajira. Mkazi wa Makadara mwenye miaka 45 hakujiona katika picha hiyo.

Kuzeeka mjini

Baada ya uhuru wa 1963 vizuizi vya kuingia mjini vilikwisha, na wake na watoto wakaja kuungana na waume zao. Vyumba vilivyojengewa mtu mmoja vikawa vya familia nzima. Ujenzi mpya ulielekea mashariki zaidi. Awamu ya kwanza ya Buruburu ilianza mwaka 1973 kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, na nyumba zake ziliuzwa kwa mkopo kwa makarani, walimu na maofisa wa serikali. Umoja ilijengwa katika muongo huohuo kwa msaada wa Marekani. Dandora ilianza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikagawa takriban ploti 6,000 ambazo wenyewe walijijengea. Jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko lilivyoonekana wakati ule. Mtu aliyemaliza mkopo wa nyumba Buruburu, au aliyejenga vyumba vya kupangisha Dandora, alikuwa na sababu ya kubaki mjini baada ya kustaafu, kama wenye nyumba wa Pumwani nusu karne kabla yake.

Wafanyakazi wa serikali walistaafu wakiwa na miaka 55 hadi mwaka 2009, umri ulipopandishwa hadi 60. Kustaafu kwa miaka 55 kulimwachia mtu mwenye afya miaka mingi ya mbele. Zamani miaka hiyo ilitumiwa shambani, ambako jembe na ng'ombe huufanyisha mwili kazi bila mtu kuita mazoezi. Mstaafu wa Jericho au Umoja hakuwa na shamba mlangoni. Alikuwa na kiti, redio, chai yenye sukari, na saa nyingi. Hapo ndipo asubuhi yake ilipoanza kuhitaji jambo la kuijaza.

Kutoka medali hadi afya

Wazo kwamba mtu wa makamo akimbie kwa ajili ya moyo wake lenyewe si la zamani popote duniani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti kuhusu mabasi ya ghorofa ya London. Aligundua kwamba makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva waliokaa. Morris aliendelea na mazoezi hadi uzeeni na akafariki 2009 akiwa na miaka 99. Nchini New Zealand, kocha Arthur Lydiard aliwahimiza watu wa makamo, wakiwemo waliougua moyo, wakimbie polepole, na klabu yao ilianzishwa Auckland mwaka 1962. Bill Bowerman, kocha kutoka Oregon, aliwatembelea, akapitwa na wazee katika mbio zao, akarudi Marekani kuieneza desturi hiyo. Mwaka 1975 mashindano ya kwanza ya dunia ya wakongwe yalifanyika Toronto.

Wimbi hilo lilifika Nairobi taratibu, na upande wa magharibi wa jiji ndio uliolipokea kwanza, kwa wenye magari na muda. Eastlands ilisukumwa na sababu yake: magonjwa. Shinikizo la damu na kisukari, yaliyokuwa yakidhaniwa kuwa magonjwa ya matajiri, yaliingia katika kila mtaa. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi hawakujua. Katika zahanati za mitaa daktari au muuguzi alianza kuandika dawa na kuongeza ushauri: punguza chumvi, tembea, ukiweza kimbia.

Mashindano ya wazi yalisaidia kuondoa aibu. Nairobi Marathon, iliyoanzishwa 2003, iliweka mbio za kilomita 42 na 21 kwa wataalamu, lakini pia masafa mafupi kwa umma, na mtu wa kawaida akapata nambari ya kifuani na fulana ya kuvaa. Tarehe 9 Machi 2014 zilifanyika mbio za kwanza za Beyond Zero, zilizoongozwa na Margaret Kenyatta, mke wa rais wa wakati huo, kuchangisha fedha za afya ya mama na mtoto. Alikimbia kilomita 21 akiwa na miaka 49, na mwezi uliofuata, baada ya kutimiza 50, alimaliza London Marathon kwa muda wa saa 7 na dakika chache. Muda huo haukuwa na maana kwa wanaohesabu rekodi, lakini ulikuwa na maana kubwa kwa akina mama wa makamo: waliona mwanamke wa umri wao akitembea na kukimbia kwa zamu hadi mwisho, hadharani.

Wanariadha wenyewe nao waliurefusha umri wa mbio. Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia ya marathoni, saa 2:04:55, akiwa na miaka 34. Kenneth Mungara alikuwa kinyozi wa Limuru aliyeanza mbio akiwa amepita miaka 30, na mwaka 2015 akashinda Gold Coast Marathon nchini Australia akiwa na miaka 41. Edna Kiplagat alishinda Boston akiwa na miaka 37. Wakazi wa Eastlands walipowatazama hawa waliona kwamba mwili haufungi duka ukifika 35.

Vifaa na saa

Desturi iliyokua katika mitaa hii ina sura yake. Haina ada wala sare. Inategemea viatu vya Gikomba. Soko hilo, lililo kando ya Pumwani na mto Nairobi, ndilo kitovu cha mitumba nchini, na raba za mbio kutoka Ulaya, Marekani na Asia hufika humo katika marobota. Mnunuzi mwenye uzoefu hatazami jina la kiwanda kwanza. Anakigeuza kiatu aone kisigino kimeisha upande gani, anabonyeza soli ya kati kwa kidole gumba aone kama inarudi, anakikunja aone kinavunjikia wapi. Soli iliyokufa ni hatari kwa goti la mtu wa miaka 58 kuliko kwa kijana, kwa kuwa gegedu limepungua na misuli inayolilinda imelegea. Kizazi kilichotangulia kilikimbia kwa raba za turubai za Bata au miguu mitupu, na wapo wazee wanaosema hawakuwahi kuumia. Walikuwa wepesi zaidi, na walikimbia kwenye udongo.

Saa inayofaa ni kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua la Nairobi huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa kuwa jiji liko karibu na ikweta, hivyo ratiba haibadiliki kwa majira. Kabla ya saa hiyo Jogoo Road bado inapitika, mikokoteni ya soko la Wakulima ndiyo inaanza kutembea, na adhana ya alfajiri kutoka misikiti ya Pumwani na Eastleigh hutoa alama ya wakati kwa wakimbiaji wa dini zote. Wanawake hukimbia wawili au watatu pamoja kwa usalama, na wengi huchanganya: dakika tano za kutembea, dakika mbili za kukimbia, hadi kifua kizoee. Mvua za Machi hadi Mei huugeuza udongo mweusi wa upande huu wa jiji kuwa tope linalonata, na kwa wiki kadhaa viwanja huachwa kwa ajili ya lami.

Ardhi yenyewe inasaidia. Nairobi huteremka kutoka vilima vya Ngong magharibi kuelekea tambarare za mashariki, na Eastlands iko sehemu ya chini, takriban mita 1,650 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo unatosha kumfanya mgeni wa pwani ahisi upungufu wa hewa, lakini njia ni tambarare, na moyo wa mzee haulazimishwi kupanda kilima.

Jinsi raha inavyojengeka

Kijana hukimbia dhidi ya wengine au dhidi ya saa. Mtu wa umri mkubwa huanza akijua kwamba saa itamshinda. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kwa takriban asilimia 10 kila muongo baada ya miaka 30 kwa asiyefanya mazoezi, na karibu nusu ya hapo kwa anayeyadumisha. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hupungua kwa wote. Anayekubali hesabu hiyo hupata uhuru: hana wa kumfukuza, na mwendo unaofaa ni ule unaomwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi.

Dakika 10 au 15 za mwanzo ni ngumu. Viungo ni vikavu, kano za kisigino zimekaza baada ya usiku, na akili inahesabu madeni na kufikiria karo za wajukuu. Kisha damu hufika kwenye misuli, ute wa viungo hulainika, pumzi hujipanga na hatua, na mwendo huanza kujiendesha. Wengi husawazisha pumzi kwa hatua tatu za kuvuta na tatu za kutoa. Baadhi huhesabu mizunguko, baadhi huvuta uradi, baadhi husali rozari kwa vidole. Uwanja wa mpira wenye vipimo vya kawaida, mita 105 kwa 68, una mzingo wa mita 346, hivyo mizunguko 15 inazidi kilomita 5 kidogo na 29 hufikisha 10. Kwa asiyewahi kujaribu, kuzunguka mahali pamoja mara 29 huonekana adhabu. Kwa aliyezoea, ndiyo faida yake: hakuna njia ya kuchagua, hakuna gari la kukwepa, na akili, ikikosa la kuamua, hutulia.

Ed Whitlock wa Kanada alilijua hilo. Alifanya mazoezi kwa kuzunguka makaburi ya mji wake kwa saa nyingi, peke yake, na mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alimaliza marathoni kwa 2:54:48, muda ambao hakuna mtu wa zaidi ya miaka 70 alikuwa ameufikia kabla yake. Fauja Singh, aliyezaliwa Punjab, alirudia mbio uzeeni ili kubeba huzuni ya kumpoteza mwanawe, na alikimbia marathoni yake ya kwanza mjini London mwaka 2000.

Sayansi imeeleza sehemu ya utulivu huu. Kwa muda mrefu ulihusishwa na endofini, kemikali za mwili zinazopunguza maumivu, lakini chembe zake ni kubwa na hazivuki kwa urahisi kutoka damuni kuingia kwenye ubongo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulipima wanaume waliokimbia kwa mwendo wa wastani na kukuta kemikali nyingine imeongezeka damuni, anandamaidi, ambayo huvuka hadi kwenye ubongo na kupunguza wasiwasi. Mwendo wa wastani ndio hasa mwendo wa wazee. Faida ya muda mrefu nayo imepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwafuata wanachama 538 wa klabu ya wakimbiaji wa zaidi ya miaka 50 kuanzia 1984. Baada ya miaka 19, asilimia 15 ya wakimbiaji walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 34 ya wenzao wasiokimbia, na ulemavu uliwafika wakimbiaji miaka mingi baadaye.

Kwa mkazi wa Eastlands kuna faida nyingine ambayo haipimwi hospitalini. Nyumba ni ndogo na zina watu wengi. Kelele za matatu, spika za baa na mikutano ya injili hudumu hadi usiku. Mtu anaweza kuishi miaka 40 katika ploti moja bila kuwa peke yake hata saa nzima. Mbio za alfajiri humpa upweke asiolazimika kuulipia, na humpa bila kumtenga, kwa sababu wengine wako uwanjani humohumo, kila mmoja na mzunguko wake. Salamu hutolewa kwa mkono ulioinuliwa, na mazungumzo huja baada ya kumaliza, wakati wa kujinyoosha ukutani. Kundi la namna hiyo hujua mara moja nani hajaonekana wiki hii, na mtu hutumwa kwenda kumjulia hali.

Suala la ardhi

Desturi hii inaishi mahali palipo na nafasi, na nafasi imekuwa ikipungua. Katika miaka ya 1980 na 1990 viwanja vingi vya umma vya Nairobi viligawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa 2003, iliorodhesha katika ripoti yake ya 2004 viwanja vya michezo, hifadhi za barabara na ardhi za shule zilizochukuliwa hivyo nchini. Upande wa kaskazini mwa jiji, msitu wa Karura uliokolewa kwa mapambano yaliyoongozwa na Wangari Maathai, na tangu 2011 umekuwa na njia salama za wakimbiaji. Eastlands haina msitu wa namna hiyo. Ina Camp Toyoyo, viwanja vya Kaloleni, Ziwani, Makadara na Hamza, uwanja wa Kamukunji, na vipande vya wazi kati ya nyumba ambavyo kila mradi mpya huvitazama kama mahali pa kujenga.

Barabara zimeleta nafuu ya sehemu. Sera ya kaunti ya 2015 kuhusu usafiri usio wa magari iliahidi njia za waenda kwa miguu na baiskeli, na upanuzi wa Outer Ring Road katika nusu ya pili ya muongo huo ulileta njia hizo pamoja na madaraja ya kuvukia. Hata hivyo, waenda kwa miguu bado ndio wengi kati ya wanaouawa barabarani jijini, na njia nyingi hujaa biashara na pikipiki ifikapo saa moja asubuhi. Hewa ni tatizo jingine. Dampo la Dandora, lililofunguliwa 1975 na kutangazwa kujaa mwaka 2001, bado linapokea taka na kuungua, na hewa baridi ya alfajiri hushikilia moshi chini. Wakimbiaji wa Dandora, Korogocho na Kariobangi hujifunza kutazama upepo kabla ya kuchagua njia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wenye miaka 65 na zaidi angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi ya nguvu, na siku tatu za kujenga uwiano wa mwili ili kuzuia kuanguka. Mapendekezo hayo hayana gharama kwa mtu binafsi, lakini yanahitaji mahali. Katiba ya 2010 inaweka sehemu ya ardhi ya umma mikononi mwa kaunti kwa niaba ya wakazi, na mipango ya kuijenga upya mitaa ya zamani ya Eastlands kwa maghorofa inaendelea kuandaliwa. Hatua inayohitajika inajulikana: kila uwanja uliobaki upimwe, upewe hati kwa jina la umma, na uchorwe ndani ya mpango kabla ya msingi wa ghorofa la kwanza kuchimbwa. Wastaafu wa mitaa hii wataongezeka kila mwaka, kwa kuwa kizazi kilichonunua nyumba Buruburu na kujenga Dandora kimeshafika umri huo na watoto wao wanakaribia, na hakuna hospitali itakayowahudumia kwa gharama ndogo kuliko uwanja ulio wazi saa kumi na moja asubuhi.